Bomba pacha la kufukia ardhini: kupeleka joto la nyumba hadi jengo la nje

Bidhaa ninayoipitia hapa ni bomba pacha lililokingwa dhidi ya upotevu wa joto tangu kiwandani, yaani mabomba mawili ya plastiki ya aina ya PEX, moja la kupeleka maji ya moto na jingine la kuyarudisha, yaliyolazwa pamoja ndani ya povu nene na kuvikwa ganda moja la nje la polietilini lenye mikunjo. Kazi yake ni kuchukua maji yaliyopashwa na boila ya nyumba kubwa na kuyafikisha kwenye rejeta (vipasha-chumba vya ukutani) za jengo lililojitenga, liwe karakana, ofisi ya uani au chumba cha wageni, bila kuyaacha yapoe njiani. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa jengo linalotumiwa kila siku katika msimu wote wa baridi, na ambalo kuta na paa lake vimekwisha kuwekewa kinga ya joto, sijaona namna bora zaidi ya kupitisha maji ya moto chini ya ardhi. Kwa chumba kinachofunguliwa mwisho wa juma peke yake, hii ni bidhaa nzuri iliyopewa kazi isiyo yake.

Sababu ya kuligawa jibu hivyo imo katika safu moja ya jedwali la mtengenezaji ambayo wanunuzi wengi huiruka wakitafuta kipenyo, nayo ni ile inayoonyesha joto linalopotea kwa kila mita ya mtaro. Bomba pacha la milimita 25 ndani ya ganda la milimita 175 hupoteza takriban wati 10 kwa mita ikiwa maji yana wastani wa nyuzi 60 za Sentigredi na udongo una nyuzi 10. Kiasi hicho ni kidogo kukitazama, lakini mtaro wa mita 20 unakifanya kuwa wati 200, na maji yakizunguka usiku na mchana, ardhi inakuwa imekula karibu kilowati-saa 4.8 kila siku, awepo mtu ndani ya jengo au asiwepo. Jengo linalohitaji kilowati 2 kwa wastani linaweza kuvumilia ushuru huo wa sehemu moja katika kumi. Jengo linalopashwa kidogo tu ili mabomba yake yasigande linaweza kujikuta likitumia joto jingi kuupasha udongo kuliko linalolipata lenyewe.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofungua njia ya kulitumia bomba hili vizuri. Upotevu hufuata tofauti kati ya joto la maji na joto la udongo. Kwa hiyo maji yakiwa na wastani wa nyuzi 35 badala ya 60, tofauti hushuka kutoka nyuzi 50 hadi 25, na wati 10 za kila mita zinakuwa 5. Ndiyo maana bomba hili huonyesha uwezo wake pale jengo la nje linapowekewa mabomba ya kupasha sakafu, au rejeta kubwa kuliko ilivyozoeleka, ambazo hutoa joto la kutosha hata maji yakiwa vuguvugu. Faida huonekana pia upande wa nyumba: pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, hufanya kazi kwa nafuu zaidi maji yanapokuwa na joto la chini, na boila ya gesi ya aina inayogeuza mvuke wa moshi kuwa maji ili kuchukua joto lake hupata faida hiyo pale tu maji yanayorudi yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Muuzaji anayekupimia mita za bomba bila kukuuliza maji yako yatakuwa na nyuzi ngapi hajakushauri jambo lolote.

Kabla ya bomba lenyewe, neno moja kuhusu jengo. Ukuta wa matofali wenye unene wa sentimita 22 hivi, usio na kinga yoyote, hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kuta zenye jumla ya mita za mraba 40, ndani pakiwa na nyuzi 20 na nje sifuri, zitavujisha wati 1,600, bila kuhesabu paa, sakafu na nyufa za mlango. Ukiongeza sentimita 10 za pamba ya madini, kiasi hicho hushuka hadi karibu wati 250. Hakuna bomba, la aina yoyote, linaloweza kuleta nafuu ya ukubwa huo, na banda ambalo halijafanyiwa kazi hiyo halistahili kuchimbiwa mtaro.

Katika soko kuna matabaka mawili ya bidhaa hii, na tofauti yake ni ya povu. La kwanza hutumia povu la poliurethani, ambalo upitishaji wake wa joto ni kati ya 0.022 na 0.028 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, nalo hugandamana na bomba na ganda kuwa kitu kimoja. La pili hutumia tabaka za povu laini la polietilini lenye vijishimo vilivyofungika, ambalo kipimo chake ni karibu 0.040, kwa hiyo linahitaji unene mkubwa zaidi ili kufikia kinga ile ile. Ukisoma namba hizo peke yake utalichagua la kwanza bila kusita. Kazi ya mtaroni, hata hivyo, ina hoja zake. Povu laini hupinda kwa urahisi, na katika uwanja wenye kona ya ukuta, mizizi ya mti na bomba la majitaka la kukwepa, urahisi huo una thamani kubwa. Povu la poliurethani ni gumu, na msokoto wake, hasa asubuhi ya baridi, hupindika kwa ubishi wa chatu aliyeshiba. Mafundi wenye uzoefu huuacha msokoto mahali penye joto usiku kucha kabla ya kuulaza, na hunyoosha urefu wote juu ya ardhi kabla ya kuuteremsha mtaroni. Nilichochagua mimi ni povu laini, kwa kuwa njia ilikuwa fupi na yenye kona. Kwa njia ndefu iliyonyooka ningechagua poliurethani, kwa sababu huko kila wati ya mita moja inazidishwa mara nyingi na ugumu wa kupinda haumsumbui mtu.

Jambo la kukagua kwenye maandishi ya bomba, kabla hata ya kuuliza bei, ni tabaka la kuzuia oksijeni. Plastiki ya PEX iliyo tupu huruhusu oksijeni ipenye polepole kutoka nje hadi kwenye maji, na maji ya mfumo wa kupasha joto yakipata oksijeni mpya kila siku huanza kula chuma cha rejeta na cha pampu, na kuacha tope jeusi linaloziba njia nyembamba za boila. Mabomba yaliyokusudiwa kazi hii hupakwa tabaka jembamba la EVOH, plastiki inayozuia oksijeni kupenya, na kiwango cha DIN 4726 ndicho kinachotajwa kuthibitisha hilo. Bomba zima, pamoja na povu na ganda lake, hupimwa kwa kiwango cha EN 15632. Nimewahi kuona mtu akiuziwa bomba la maji baridi ya kunywa kwa ajili ya kazi hii, kwa hoja kwamba "plastiki ni plastiki". Bomba la maji ya kunywa halina tabaka hilo, na madhara yake hayajitokezi mwaka wa kwanza. Kikomo cha kawaida cha PEX ya kupashia joto ni nyuzi 80 kwa matumizi ya muda mrefu na 95 kwa vipindi vifupi, chini ya mgandamizo wa bari 6, jambo linalotosha kwa nyumba yoyote ya kawaida. Anayeunganisha boila ya kuni ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba maji yanayotoka hayapandi zaidi ya hapo.

Sehemu ndogo inayoamua maisha ya mfumo mzima ni vifuniko vya mpira vya ncha. Povu likilowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuzuia joto, na maji hupata njia ya kuingia katika ncha mbili tu, mahali bomba linapotokeza ndani ya jengo. Kifuniko kizuri kina matundu mawili yanayobana mabomba ya ndani na mdomo unaobana ganda, na lazima kivishwe kabla ya fitingi ya shaba kufungwa, kwa kuwa baada ya hapo hakipiti tena. Vifuniko hivi mara nyingi huuzwa kando, na katalogi nyingi huviweka kurasa kadhaa mbali na bomba lenyewe, kasoro ambayo naihesabu dhidi ya bidhaa hii kwa jumla. Fundi akifika na kukuta havipo, kishawishi cha kufunga ncha kwa gundi na utepe huwa kikubwa sana, na ncha ya namna hiyo haidumu. Fitingi zenyewe ziwe ndani ya majengo, mahali pa kufikika kwa mkono. Bomba linalofukiwa linapaswa kuwa kipande kimoja kisicho na kiungo.

Kuhusu kipenyo, wanunuzi wengi huongeza ukubwa kwa hofu, na hofu hiyo ina gharama yake. Chukua jengo linalohitaji kilowati 4. Maji yakitoka na kurudi kwa tofauti ya nyuzi 20, yanahitajika karibu lita 172 kwa saa. Kwa tofauti ya nyuzi 10, lita 344. Viwango hivyo vyote viwili hupita katika bomba la milimita 25, ambalo ndani lina upana wa milimita 20.4, bila kuisumbua pampu. Bomba la milimita 32 huanza kuwa na maana pale pampu ya joto inapotaka tofauti ya nyuzi 5 tu, na mtiririko unakaribia lita 690 kwa saa. Nje ya hapo, bomba nene maana yake ni maji mengi yanayokaa njiani: kwa mita 20 za kwenda na 20 za kurudi, milimita 25 hubeba lita 13 na milimita 32 hubeba zaidi ya lita 21, na maji hayo yote hupoa pale pampu inaposimama na kupashwa upya inapowaka. Kwa mtiririko wa lita 172, maji ya moto huchukua zaidi ya dakika mbili kufika jengo la nje kupitia bomba jembamba, na karibu nne kupitia nene. Hizo lita za ziada, pamoja na za rejeta mpya, huongeza pia kazi ya tangi la upanuzi, kwa kuwa maji yanayopashwa kutoka nyuzi 10 hadi 70 huongezeka ujazo kwa zaidi kidogo ya asilimia 2. Tangi lililotosha nyumba kwa shida halitatosha tena.

Lawama nyingi nilizosikia kuhusu bomba hili si zake. Mtu hulaza bomba la daraja la juu kabisa, kisha huliunga kwenye rejeta iliyo karibu na ukuta wa nje, na baada ya hapo hulalamika kwamba jengo la nje halipati joto. Maji hufuata njia nyepesi: rejeta za nyumbani ziko karibu, jengo la nje liko mbali, na bila njia yake maalumu jengo hilo hupata masalia. Jengo la nje linahitaji tawi lake linaloanzia karibu na boila, lenye vali ya umeme, na kwa umbali mrefu pampu yake yenyewe, likiongozwa na thamostati (kidhibiti cha joto) iliyomo ndani ya jengo hilo na si ile ya sebuleni. Thamostati hiyo lazima iweze kuiamuru boila iwake hata nyumba ikiwa imeshiba joto. Kwa sababu hiyo, ni busara kulaza waya wa mawasiliano ndani ya mfereji wake wa plastiki kwenye mtaro ule ule. Vidhibiti visivyo na waya hufanya kazi vizuri mpaka vikutane na ukuta mnene na paa la bati kati ya majengo mawili. Koki za kufunga tawi lote, upande wa nyumba, nazo ni za lazima, ili kuvuja kokote huko nje kusizime joto la nyumba nzima.

Suala la kuganda linastahili utulivu zaidi kuliko linavyopewa. Bomba lililofukiwa vizuri, chini ya tabaka la udongo, haliko hatarini sana. Kinachoganda ni rejeta na mabomba ya ndani ya jengo lililoachwa bila mtu. Njia nyepesi ni thamostati ya kuzuia kuganda, ambayo huwasha mzunguko joto la ndani linapokaribia nyuzi 5, lakini hiyo huitegemea boila na umeme ambavyo huweza kukatika usiku ule ule wa baridi kali. Njia imara zaidi ni kuweka kibadilisha joto cha mabamba, kinachotenganisha maji ya nyumba na ya tawi, kisha kujaza tawi mchanganyiko wa glikoli ya propilini. Asilimia 30 ya glikoli hukinga hadi takriban nyuzi 13 chini ya sifuri. Gharama ya njia hii haiko kwenye vifaa peke yake. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko maji na hubeba joto pungufu kidogo, unahitaji pampu ya pili, tangi la pili la upanuzi na vali yake ya usalama, na kibadilisha joto chenyewe hupunguza nyuzi kadhaa kabla maji hayajafika mtaroni. Kwa boila inayotoa maji ya nyuzi 60 hasara hiyo si kitu. Kwa pampu ya joto inayotoa nyuzi 40, kila nyuzi inauma. Mimi ningeweka glikoli pale tu jengo linapokaa tupu kwa majuma mazima ya baridi, na kama ndivyo linavyokaa, tunarudi kwenye swali la iwapo bomba hili lilihitajika kabisa.

Mtaro hauna maajabu: kitanda cha mchanga cha sentimita 10, bomba, mchanga mwingine wa kulifunika, udongo wa angalau sentimita 50 hadi 60 juu yake, na utepe wa tahadhari katikati ya udongo huo. Mahali magari yanapopita kina huongezwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kosa moja tu nitalitaja, kwa kuwa linahusu afya: bomba la maji baridi ya kunywa lisilazwe limegusana na bomba hili, kwa sababu maji yanayotulia katika uvuguvugu wa nyuzi 20 hadi 45 ndiyo makazi yanayopendwa na bakteria wa Legionella. Yapewe nafasi, au mtaro wake.

Washindani wa bidhaa hii wapo. Wa kwanza ni ule mtindo wa kuchukua mabomba ya kawaida, kuyavika mikono ya sponji inayouzwa kwa ajili ya mabomba ya ndani, na kuyasukuma ndani ya bomba kubwa la majitaka. Ni mambo ya rahisi ghali: sponji ya milimita 13 hailingani kwa namna yoyote na povu la kiwandani, maji ya ardhini hupata njia ya kuingia, na mtu analipa tofauti hiyo kwenye mafuta au gesi kila baridi. Mshindani wa haki ni pampu ndogo ya joto ya hewa kwa hewa inayofungwa kwenye ukuta wa jengo la nje, ambayo haihitaji mtaro, haina maji ya kuganda, na huzalisha joto mara kadhaa ya umeme inaoutumia. Kwa chumba kimoja, hata chenye matumizi ya kila siku, huyo ndiye ningempa nafasi ya kwanza kufikiriwa. Bomba pacha hushinda jengo linapokuwa na vyumba kadhaa, au linapohitaji pia maji ya moto ya kuogea kupitia tangi lake, au nyumba inapokuwa na boila ya kuni yenye nguvu za ziada ambazo zingepotea bure. Hita ya umeme ya kawaida nayo inatosha kabisa kwa saa chache za mwisho wa juma, na hakuna anayehitaji kuona haya kuitumia.

Katika kuagiza, bomba hukatwa kiwandani au dukani kwa urefu uliotajwa, na kwa kawaida kipande kilichokatwa hakirudishwi. Urefu upimwe kwa kamba inayofuata kona zote za mtaro, si kwa mstari ulionyooka kwenye mchoro, kisha iongezwe mita moja na nusu hadi mbili kila upande kwa ajili ya kupanda kutoka mtaroni na kupita ukutani. Mpindo wa kupanda ndio unaosahauliwa: hata bomba la povu laini halipindi kwenye duara lenye nusu kipenyo kidogo kuliko takriban nusu mita, kwa hiyo tundu la kuingilia liandaliwe kwa kufuata mpindo huo, pamoja na mkono wa kuzuia maji pale bomba linapopita msingi. Waliojenga sakafu ya zege kwanza na kuagiza bomba baadaye huishia kuipitisha ncha nje ya ukuta ndani ya sanduku lililojazwa povu, jambo linalowezekana, lakini mita hiyo moja ndiyo sehemu pekee ya mfumo mzima inayoonekana kwa kila mpita njia, na ndiyo inayopigwa na upepo.